Kikombe Kilichoachiwa Nafasi ya Mshono

Mama mkwe wangu hawezi kuona kitu kizima akakiacha kizima. Ndivyo macho yake yalivyo. Mwonyeshe mto, atakwambia ni vipande viwili na zipu. Akipita mtu barabarani na koti lake, atamsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, kisha aseme, "Yule mikono yake imewekwa kinyume. Anatembea kama kabeba ndoo." Mtaani wanamwita Fundi, hata wale wasiowahi kushonewa kitu naye. Mimi namwita Mama, na mwanangu Kibonge, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, humwita kwa kuivuta futi inayoning'inia shingoni mwake.

Chumba cha kushonea ni kile cha mbele, kinachotazama barabara. Cherehani iko dirishani. Meza ya kukatia zamani ilikuwa mlango, na tundu la kitasa bado lipo, ndiyo maana chaki zetu nyingi ziko sakafuni. Kwenye pembe imesimama sanamu ya kuvalishia nguo, haina kichwa wala mikono. Kazi yangu mimi ni vifungo, pindo na pasi. Kazi ya Kibonge ni kuokota visivyookotwa na kuvitia mdomoni. Baba mkwe, ambaye tangu Kibonge azaliwe kila mtu anamwita Babu, alikuwa mlinzi wa ghala maisha yake yote ya kazi. Usiku alikesha, sasa mchana anaudai usingizi wake kwenye kiti cha mlangoni.

Basi akaja binti mmoja anayeuza katika duka la dawa pale njia panda. Alibeba mfuko wa karatasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe. Anaolewa. Bibi yake alikinunua kitambaa kile zamani, akakificha sandukuni kwa ajili ya siku hii, na sasa bibi hayupo na hata lile duka lililokiuza limekuwa gereji. Kwa hiyo kilikuwa ndicho hicho hicho, hakina ndugu. Mama alikipapasa kwa kidole gumba na cha shahada, akafumba macho. Hapo nikajua amekipenda.

Binti wa dawa amezaliwa bega lake la kushoto likiwa juu kuliko la kulia. Si kitu cha kumshtua mtu, lakini yeye hulifunika kwa mtandio hata jua likiwa kali.

"Nitakushonea gauni watu wasahau keki," Mama akamwambia.

"Na yule wa kwanza alisema hivyo hivyo, Mama."

"Yule wa kwanza nani?"

"Fundi aliyenishonea nguo ya harusi ya dada yangu. Alinitilia sponji kwenye bega hili la chini, eti yalingane. Nikacheza nyimbo mbili, sponji likahama." Akaonyesha kifuani. "Likaja kukaa hapa. Nikawa na matatu."

Tulicheka, Kibonge akacheka kwa kuwa sisi tumecheka, na binti mwenyewe akacheka. Ila niliuona mkono wake ukipanda kuuvuta mtandio.

"Naomba unichoree kwanza," akasema. "Nijione mimi mwenyewe ndani ya hilo gauni. Nikijiona, kata. Nisipojiona, nitakodi gauni kama wengine, na kitambaa cha bibi nitakuja kufanyia pazia."

"Pazia!" Mama akashika meza.

"Maneno yako matamu, Mama. Lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi."

Hilo ndilo neno analotuambia sisi kila siku. Akakubali. Binti akaacha kitambaa, akasema atakuja akiitwa, akavuka barabara. Mama akabaki anautazama mfuko ule kama mgonjwa anavyoitazama dawa chungu.

Shida ni kwamba Mama hajui kuchora. Kwa chaki juu ya kitambaa, mistari yake imenyooka kama reli. Lakini mtu? Uso? "Aliwahi kunichora tulipokuwa wachumba," Babu akasema bila kufumbua macho. "Nikadhani ni ramani ya shamba."

"Lala wewe."

"Niliihifadhi. Nikawa naogopa kulima, nisije nikajipiga jembe usoni."

Mume wangu, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha sokoni, ndiye aliyetuletea dawa. Alitutafutia kwenye simu kozi ya kuchora kwa wanaoanza kabisa, masomo mafupi mafupi, ya bure, kila mwanafunzi anakwenda kwa mwendo wake. Mama akataka kulielewa hilo la mwisho.

"Kwa mwendo wangu ndiyo kusema nini? Kengele anapiga nani?"

"Hakuna kengele, Mama," mume wangu akamjibu.

"Nikichelewa?"

"Hujachelewa. Unaanza ukiwa tayari."

"Na nikikosea, anayenichapa nani?"

"Hakuna kuchapwa."

"Sasa baba, hiyo ni shule au kitanda?"

Hata hivyo mchana ule, kazi zilipopungua, tuliegemeza simu kwenye kopo la vifungo tukaanza. Mwalimu mwenyewe haonyeshi uso. Huonekana mikono yake miwili tu, karatasi na penseli, na husikika sauti ya mwanamke asiye na haraka. Tukambatiza jina, Mikono. Mama alimkagua kwanza kama anavyokagua kila mtu. "Ona kovu kwenye kidole. Hiyo ni sindano ya cherehani. Huyu ni wetu." Toka hapo akawa anamwitikia kabisa. Mikono akisema "karibuni", Mama anajibu "tumeshakaribia".

Somo la mistari alilimaliza chai haijapoa. La maumbo, miduara na pembe, pia. Akaanza kunitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kwa nini watu hulipia vitu hivi. Ndipo tukafika kwenye kikombe. Mikono alisema, weka kikombe mbele yako, chora unachokiona.

Mama akachukua kikombe cha Babu, cha bati, chenye ua jekundu ubavuni. Akakiweka mezani, akakata kipande cha ile karatasi ya kaki tunayotolea vipimo, akainama. Alichora kwa utulivu mkubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni. Mimi nilikuwa napiga pasi, nikawa nasubiri. Alipomaliza akaigeuza karatasi kwangu.

Juu kulikuwa na mstatili mrefu uliopinda kidogo kama tabasamu. Chini yake duara. Pembeni kiutepe chembamba, huo ndio mkono wa kikombe. Na kando kabisa ua, peke yake, kama kiraka kinachongoja suruali. Kuzunguka kila kipande alikuwa amepiga mstari wa pili, wa vinukta.

"Mama, hivi vinukta ni vya nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza maji ni ya nini. "Nafasi ya mshono."

Babu akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo si la kawaida saa zile. Akaisogelea meza, akakitazama kikombe chake kilivyotandazwa.

"Na chai utaitia wapi?"

"Kikishashonwa," Mama akasema, naye hakuwa anatania.

Nilimweleza taratibu, kwa adabu, maana mkwe ni mkwe. Nikamwambia Mikono hakusema chora kikombe kilivyo, alisema chora unachokiona.

"Lakini ndivyo kilivyo! Ukivikata vipande hivi ukaviunga, unapata kikombe. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mama. Ila kutoka hapo ulipo, unaliona duara la chini?"

Akainamisha kichwa. Akakitazama kikombe muda mrefu, mpaka nikanusa pasi inaunguza na kuikimbilia. "Silioni," akakiri. "Najua lipo, lakini silioni." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Maisha yangu yote naangalia ndani ya vitu, leo nianze kuangalia nje?"

Basi tukaanza kuangalia nje. Sitawadanganya, safari haikuwa nyepesi. Vikombe vilikuja vikiwa na midomo ya pembe nne. Somo la kuchora mkono wako bila kutazama karatasi lilituzalia kitu ambacho mume wangu aliporudi alidhani ni tangawizi. Babu aliombwa akae kama mfano, akakubali kwa moyo mmoja kwa sababu kazi yenyewe ni kukaa. Mama alianza kumchora akiwa macho. Alipofika shingoni, Babu alikuwa ameshalala na kichwa kimeinamia bega. Mama akawa anafuata anachokiona, kama alivyofundishwa, kwa hiyo Babu wa karatasini akatoka na shingo ndefu iliyopinda, mfano wa mtu anayechungulia kisimani.

"Ukitulia nakuchora," akamwamsha kwa kumgusa na futi, "ukilala nakushona."

Tulicheka sana siku zile. Lakini mfuko wa karatasi ulikuwa pale pale juu ya kabati, na harusi ilikuwa inasogea. Kila jioni binti wa dawa akifunga duka alikuwa anapita upande wa pili wa barabara, akatupa jicho dirishani mwetu mara moja, haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana anadai. Mama akimwona anazifunika karatasi zake kwa kitambaa. Halafu vicheko vinapungua kidogo.

Siku moja alichora mwanamke amesimama. Akamwangalia. Mwanamke alikuwa na mabega ya kabati na miguu ya kuku. Mama aliizima simu, akaushusha ule mfuko, akauweka kwenye kiti cha mlangoni ambacho Babu alikuwa amekiacha.

"Mpelekee binti wa watu kitambaa chake. Akakodi. Mimi ni fundi wa mkasi, kalamu ina wenyewe."

"Sawa, Mama," nikasema.

Lakini sikuondoka. Nilikuwa na shati la vifungo vingi, na Kibonge alikuwa ameshika sketi yangu. Nilimjua Mama: ukimjibu akiwa amekasirika, hasira inapata mwenzake wa kuongea naye. Nikakaa, nikaiwasha tena simu, nikaiacha iongee yenyewe kama redio. Yeye akarudi mezani kupanga vipande vya shati la mteja juu ya kitambaa, anasukuma mgongo huku, kola kule, ili visile nafasi.

Mikono alikuwa kwenye somo lililofuata. Akasema, leo usichore kiti. Chora hewa iliyo katikati ya miguu ya kiti. Chora pale pasipokuwa na kitu.

Mkono wa Mama ukasimama juu ya kola.

"Kasemaje?"

"Tuchore pasipokuwa na kitu."

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa ameegemea meza kwa ngumi mbili, anatazama vile vipande vya shati vilivyotandazwa, na vijisehemu vya kitambaa vilivyobaki katikati yao: huku pembe, kule kama jani, pale kama samaki asiye na mkia.

"Mabaki!" akapaza sauti, Kibonge akashtuka. "Mabaki! Huyu mwanamke anasema mabaki! Sasa si angesema toka mwanzo?"

Maana fundi akipanga vipande juu ya kitambaa haangalii vipande. Hivyo anavijua. Anaangalia kinachobaki katikati, ndicho kinachomwambia kama kitambaa kitatosha au kitamwaibisha. Mama anayaona mabaki hata kabla hayajakatwa. Nguo zote za Kibonge zimetoka huko: kigauni chake cha bluu ni sare ya mhudumu wa hoteli, kile cha mistari ni mashati ya mwalimu mkuu.

Alikigeuza kiti cha Babu kuelekea dirishani, akautia ule mfuko mikononi mwangu bila kuuangalia, akachora hewa. Pembetatu chini ya kiti. Kipande kirefu kati ya miguu. Vipande vitatu vyembamba mgongoni, baina ya fito. Hakuchora kiti hata kidogo, naapa nilikuwa natazama. Na kiti kikajitokeza chenyewe, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akachoka.

Babu alirudi kutoka kunawa, akaiona karatasi, akaitazama upande huu na ule.

"Hiki nakikalia," akasema. "Ila mguu wa nyuma umelegea."

"Hata wa kweli umelegea," Mama akasema.

Babu akaenda akautikisa. Kweli ulikuwa umelegea. Kumbe amekuwa akilala juu yake muda wote huo.

Baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na kitu kilichopona. Mama alichora hewa ya birika, hewa ya mkasi, hewa iliyo chini ya tumbo la Kibonge akitambaa. Vingine vilitoka vizuri, vingine vilitoka na homa. Lakini sasa alikuwa anacheka na makosa yake kama anavyocheka na mshono: fumua, anza upya. Mfuko niliurudisha juu ya kabati siku ile ile. Hakuniuliza kwa nini sikuupeleka, nami sikumwambia.

Jumamosi moja mchana akanituma nikamwite binti wa dawa.

Alikuja na mtandio wake. Akaamkia, akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, magoti pamoja, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano, yeye ambaye kazi yake ni kuziuza. Mama akachora. Kibonge alikuwa amekaa juu ya rundo la kaniki anatafuna futi. Mama alipomaliza akampa binti karatasi kwa mikono miwili.

Ilikuwa picha nzuri, tena nzuri kweli. Gauni lilikuwa limeanguka vizuri na kiuno kilikuwa kiuno.

Binti akaitazama. "Nzuri," akasema kwa upole. Kisha akauliza, "Ni nani huyu?"

Nikayatazama mabega. Yalikuwa sawasawa kama rafu ya duka.

Mama akashusha penseli. Nimemwona mama mkwe wangu akigombana na wauza vitambaa watatu kwa mpigo bila kupepesa macho, lakini pale aliinama. "Nilikuonea haya, mwanangu," akasema. "Nikadhani ndiyo adabu."

"Na yule wa sponji alidhani hivyo hivyo." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma zaidi. Akasimama. Akanyoosha mkono kuelekea juu ya kabati, uliko mfuko wake.

"Kaa," Mama akasema.

"Mama, usijisumbue, mimi..."

"Kaa, mwanangu. Mara moja tu. Na huo mtandio mpe mkwe wangu."

Binti alinitazama. Nikanyoosha mkono. Aliuvua taratibu, nikauchukua, nikamtundikia yule sanamu wetu asiye na kichwa. Mama alichukua karatasi nyingine, na safari hii alianza kunong'ona, kama anavyofanya akipanga vipande. Hapa pembe. Hapa nusu mwezi. Alikuwa anachora hewa. Kati ya mkono wa kushoto na kiuno, hewa nyembamba na ndefu. Kati ya mkono wa kulia na kiuno, hewa pana. Kutoka shingoni kwenda bega la kushoto, kibonde kifupi. Kwenda la kulia, mteremko mrefu uliotulia. Hakulainisha chochote. Kisha akavika gauni. Alilianzisha juu ya lile bega la kushoto, kitambaa kimekusanywa hapo kwa mikunjo, halafu kikaachiwa kishuke kukatiza kifua mpaka nyonga ya kulia, kama maji yanavyotafuta njia yake. Maji hayashuki bila mwinuko. Bega lile ndilo lililokuwa linabeba kazi yote.

Binti akaipokea karatasi. Nje mtu alikuwa anaijaza baiskeli upepo kwa pampu, fss, fss, fss. Babu alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala, nilijua kwa sababu hakukoroma.

"Huyu namjua," binti akasema mwishowe. "Namwona kwenye kioo cha dukani, nikifuata chupa za rafu ya juu." Akaisogeza karatasi karibu, akaipeleka mbali. "Ila Mama, pua yangu siyo kubwa hivi."

"Pua ni somo la mbele," Mama akasema. "Bado sijafika."

Binti akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja, kwani mtandio hakuwa nao. Akasema, "Kata, Mama."

Tukakitandaza kitambaa juu ya ule mlango wetu, mimi nimeshika ncha ile, binti ncha hii, Kibonge amefungiwa mgongoni kwangu asije akatubariki na mate. Mama akapiga mistari kwa chaki, akaisoma picha, akapiga tena. Halafu akauchukua mkasi, akavuta pumzi, na tukaisikia ile sauti kavu ya kitambaa kizuri kinapofunguka. Hakuna aliyepumua mpaka mkasi ulipofika mwisho.

"Na picha nitaichukua?" binti akauliza akiwa mlangoni.

"Gauni ni lako. Picha utaipata siku ya kuchukua gauni. Kwa sasa naisoma."

Siku ya harusi walipita hapa mbele kwa miguu, maana ukumbi uko karibu. Binti alikuwa katikati ya watu wake, kitambaa cha bibi kinashuka kutoka bega la kushoto, na alipofika dirishani mwetu akasimama kabisa, akageuka upande ule ule wa bega, akatupungia. Mama alisimama na sindano mdomoni, akapunga futi.

Mtandio bado umevaliwa na sanamu wetu. Nilimkumbusha binti nilipokwenda kununua dawa ya kikohozi ya Kibonge, akasema ndiyo, ndiyo, nitaupitia, akabadilisha maneno. Mama huutazama akipita, na mimi nayajua macho hayo. "Hapa kuna vigauni viwili vya mtoto," huniambia. "Na kofia."

Kozi bado tunayo. Juzi tulifika somo la pua. Mama alimwita Babu kwenye kiti, ambacho mguu wake sasa umepigwa msumari, akanoa penseli. Babu akauliza kama anaruhusiwa kulala.

"Lala tu," Mama akamwambia. "Pua haiondoki."